Je, wajua kwa nini abiria hunyamaza dereva anapokimbiza matatu?

Matatu ya masafa marefu, abiria 14, dereva anaovateki kwenye kona. Kila mmoja ameng'ang'ania kiti cha mbele yake, na hakuna anayefungua kinywa.

Woga wanao. Ila kila abiria akiwatupia jicho wenzake anaona nyuso zimetulia, basi hudhani mwenye hofu ni yeye peke yake. Nao wakimtazama yeye wanaona vivyo hivyo. Mwaka 1968 wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley walilipima jambo hili Marekani. Wanafunzi walikuwa wakijaza fomu, moshi ukaanza kuingia chumbani. Waliokuwa peke yao, 75 kati ya 100 walitoka kutoa taarifa. Walioketi na watu wawili walioagizwa wasishtuke, 1 kati ya 10 tu.

Dereva naye anausoma ukimya huo, na anausoma kama ruhusa. Atakayeuvunja kwanza ndiye hulipa: makanga atamjibu "nunua gari lako", na huenda gari zima likacheka. Usalama watagawana wote, aibu ni ya mmoja.

Wachumi wawili, James Habyarimana na William Jack, walianzia kwenye aibu hiyo. Walibandika stika ndani ya matatu zaidi ya 1,000 za Kenya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, zikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Hawakutegemea kuwauliza abiria kama walisema, maana hapo kila mtu ni shujaa. Walihesabu madai ya bima yanayoletwa baada ya ajali. Bila stika, madai yalikuwa kama 10 kwa kila magari 100 kwa mwaka. Penye stika yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili.

Kikwazo kilikuwa dereva mwenyewe: stika inayomsema, ataiachaje? Ndiyo maana kukawa na bahati nasibu ya fedha kila wiki kwa madereva ambao stika zao zilikutwa bado zimebandikwa. Bila hiyo, huenda zingebanduliwa mapema.

Jaribio la pili, lililoitwa Zusha!, lilifikia magari kama 12,000. (Jina zuri: mzushi kwa kawaida hapendwi, hapa anaombwa azushe.) Madai yalishuka kwa asilimia 25 hadi 33, chini ya mara ya kwanza lakini si haba kwa gharama ya karatasi yenye gundi. Ujumbe uliofanya kazi zaidi ni ule uliowataka abiria wachukue hatua kwa pamoja. Sababu, kwa maoni yetu, ni kwamba stika haimfundishi abiria jambo jipya. Kwamba mwendo ni hatari alishajua. Inachomwonyesha ni kwamba jirani yake naye ameisoma.

Kwa hiyo sauti ya pili ndiyo ya kuangalia. "Dereva, punguza mwendo" ya kwanza makanga ana jibu lake. Ikifuatwa papo hapo na "ndiyo, punguza" kutoka kiti cha nyuma, hawezi tena kuwaambia wote wanunue magari.