Tumbo kujaa si kushiba

Huku Kilwa na Nachingwea, kiangazi kikikolea, utasikia: ng'ombe tumbo limejaa, basi ameshiba. Sivyo kabisa. Nyuzi za nyasi kavu humeng'enywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyomo katika tumbo lake la kwanza, rumeni. Navyo vinahitaji chakula, hasa naitrojeni, ambayo huipata katika protini. Protini ya malisho ikishuka chini ya takribani asilimia 7, vijidudu hudhoofu, nyasi hukaa humo muda mrefu, na mnyama hukosa nafasi ya kula zaidi. Tumbo limetuna, mbavu zinahesabika! Tazama kinyesi: kigumu, kimejaa nyuzi. Ongeza mashudu ya ufuta, zao letu Lindi, au majani ya lukina, mti wa malisho. Lukina ianze kidogo kidogo, ikizidi humdhuru.