Mlo mbadala ni nini, na daktari anaingia wapi

Mama yangu mdogo alinitumia picha ya kopo kwa WhatsApp, ikifuatiwa na ujumbe wa sauti: "Mwanangu, wewe ndiye unayejua kusoma hivi vitu. Hii wanasema ni mlo mbadala, unakunywa asubuhi na jioni, mwezi mmoja kilo kumi. Nichukue?" Nikamwomba ageuze kopo anipigie picha ya mgongoni, pale penye maandishi madogo. Kijiko kimoja cha poda: kalori 35, protini gramu 1, kisha orodha ndefu ya majani, sanamaki, lile la kuendesha tumbo, likiwa la pili. Kwa maneno mengine alikuwa anauziwa dawa ya kuharishisha kwa bei ya mbuzi.

Neno hili siku hizi linabebeshwa mizigo isiyo yake. Chai za kupunguza kitambi, juisi za kusafisha tumbo, poda za vijana wa gym, vyote vinapita kwa jina la mlo mbadala. Kwa watu wa lishe neno lina mipaka. Codex Alimentarius, chombo cha pamoja cha mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) kinachopanga viwango vya vyakula, kilitoa kiwango chake mwaka 1991: kitu kinachochukua nafasi ya mlo kiwe na kalori zisizopungua 200 na zisizozidi 400, protini ichangie kati ya robo na nusu ya nguvu yote, na vitamini na madini viwemo kwa kiasi kilichopangwa. Ukimwondolea mtu sahani ya chakula, basi unachompa badala yake kilete vile ambavyo mwili ungevipata kwenye sahani, kasoro ile ziada ya wanga na mafuta. Kopo la mama mdogo lilianguka tangu sharti la kwanza.

Bidhaa za kweli huja kama poda ya kukoroga kwa maji au maziwa, supu, au biskuti ngumu. Wengi huzitumia nusunusu: mlo mmoja au miwili inabadilishwa, wa tatu unabaki chakula cha nyumbani. Njia ya pili ni nzito. Chakula chote cha kawaida kinawekwa kando kwa miezi kadhaa, na mtu anaishi kwa pakiti tatu au nne kwa siku, jumla yake kalori 800 na kitu. Ukishuka chini ya 800 unaingia kwenye kiwango kingine cha Codex, cha mwaka 1995, kinachodai protini isiyopungua gramu 50 kwa siku, na huko hakuna wa kwenda bila daktari. Na kalori 850 ni nini jikoni? Chapati mbili za mafuta na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari vimeshakula zaidi ya nusu yake, na bado ni saa mbili asubuhi.

Aliyewahi kuuguza mtoto mwenye utapiamlo mkali wodini analijua wazo hili kutoka upande wake wa pili. Kule kuna maziwa yanayoitwa F-75, yaani kalori 75 kwa kila mililita 100. Nesi anampima mtoto, anatazama jedwali, anapima maziwa kwa mililita, na baada ya saa chache anarudi tena. Mama anaona mwanawe ana njaa na kikombe ni kidogo, anaumia, lakini mwili uliokauka ukishindiliwa chakula kwa pupa, chumvi za damu huyumba na moyo unaweza kusimama. Mtoto akitulia ndipo anapandishwa F-100, au anapewa ile pakiti ya karanga, Plumpy'Nut, gramu 92 zenye kalori 500. Ni chakula, lakini kinaandikwa kwenye cheti kama dawa. Mlo mbadala wa kupunguza uzito ni ndugu wa maziwa hayo. Tofauti ni kwamba huku mizani inatakiwa ishuke.

Ndani ya poda hamna kitu kinachoyeyusha mafuta. Nguvu yake iko kwenye kipimo. Mtu anayepika anaonja mchuzi mara tatu, anamalizia ukoko wa wali wa mtoto, anamimina mafuta kwa macho, na jioni anaapa kwa dhati kabisa kwamba leo hakula. Wala hadanganyi, macho ndiyo hayajui kuhesabu. Pakiti inahesabu kwa niaba yake, tena inamwondolea lile swali la kila saa, nile nini.

Siku za kwanza ni ngumu, na ni vizuri kuzijua kabla. Mwili unaanza na akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli, ambayo hukaa pamoja na maji mengi, kwa hiyo kilo zinazopotea wiki ya kwanza kwa sehemu kubwa ni mkojo. Wauzaji wanazipenda sana kilo hizo. Baadaye mwili unageukia mafuta, ini linatengeneza ketoni, yaani kuni za mwili zinazotokana na mafuta hayo, kichwa kinauma, na pumzi inatoka na harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Wengi husema njaa hulegea baada ya siku chache. Choo kinakuwa kigumu, kwa hiyo maji mengi na nyuzinyuzi ni lazima.

Hospitali za nje zilianza kulichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu ya kisukari kuliko sababu ya umbo. Mwaka 2011 Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, alitoa matokeo ya watu 11 wenye kisukari aina ya pili waliokaa wiki 8 kwa kalori 600 hivi kwa siku, nyingi zikitoka kwenye kinywaji cha namna hii pamoja na mboga kidogo. Ndani ya siku saba sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa imerudi kwenye kiwango cha kawaida. Maelezo yake ni kwamba mafuta yaliyojazana kwenye ini na kongosho ndiyo yaliyokuwa yameziba kazi ya insulini, na yakipungua, viungo hivyo vinapumua.

Kumi na mmoja ni wachache, kwa hiyo ukaja utafiti mkubwa, DiRECT, uliofanywa kwenye zahanati za kawaida za Scotland na kaskazini ya Uingereza, ukiongozwa na Taylor pamoja na Mike Lean wa Glasgow. Walikuwa watu 306, wote wakiwa na kisukari kisichozidi miaka sita tangu kigundulike. Nusu waliendelea na matibabu ya kawaida. Nusu nyingine walipewa pakiti za kalori kama 830 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Matokeo ya mwaka wa kwanza yalitoka mwishoni mwa 2017: asilimia 46 ya waliotumia pakiti walikuwa na sukari chini ya mpaka wa kisukari bila dawa yoyote ya kisukari, dhidi ya asilimia 4 upande wa pili. Waliopunguza kilo 15 au zaidi, 86 kwa kila 100 walifika hapo. Qatar nao wakajaribu kwa watu wa nchi za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, wenye umri wa miaka 18 hadi 50, wakachapisha mwaka 2020: asilimia 61 dhidi ya 12. Nautaja wa Qatar makusudi, maana kila habari ya kisukari ikija kutoka Ulaya kuna mtu atasema "hao ni wazungu, miili yetu ni tofauti".

Turudi kwa mama mdogo, kwa sababu kuna jambo muuzaji hakumuuliza kabisa: anatumia dawa gani. Kwenye mfuko wake wa kitenge kuna glibenclamide ya sukari na aina mbili za vidonge vya presha. Glibenclamide hailisubiri tumbo lako. Ukiimeza inaikamua kongosho itoe insulini, uwe umekula sahani ya ugali au kikombe cha poda. Akiimeza akiwa na kalori 200 tumboni, sukari inaweza kushuka mpaka akatokwa jasho la baridi, akatetemeka, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na jirani akadhani kapatwa na majini. Insulini ni hivyo hivyo, na zaidi. Dawa za kisukari kama dapagliflozin zina mtego mwingine: mtu asiyekula wanga akiendelea nazo damu inaweza kujaa ketoni mpaka ikawa na asidi, na kinachotisha ni kwamba kipimo cha sukari kinaweza kuonyesha namba isiyoshtua. Vidonge vya presha navyo, mtu akipungua, vinaanza kumzidi nguvu. Anainuka kitandani, dunia inazunguka. Kwenye DiRECT vidonge vya kisukari na vya presha vilisimamishwa siku ile ile ya kuanza pakiti, na watu wakapimwa mara kwa mara ili arudishiwe anayehitaji. Hapo ndipo daktari anapoingia. Kukoroga poda hata mtoto wa darasa la tatu anaweza. Kupunguza dawa ndiyo kazi yenyewe. Na asithubutu mtu kujisimamishia vidonge nyumbani kwa sababu amesoma makala.

Kuna mengine ya kupimwa. Kupungua kwa kasi huku mafuta ya chakula yakiwa kidogo mno kunaacha nyongo ikituama, na mawe yanajijenga kwenye mfuko wake. Mwenye jongo anaweza kuamshwa usiku na kidole gumba cha mguu. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, anahitaji damu yake ipimwe upya, maana chakula kikibadilika na dawa inabadilika. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wenye kisukari aina ya kwanza, waliotoka kupata mshtuko wa moyo na waliowahi kuugua ugonjwa wa kujinyima au kula kwa fujo, hii ya kuacha chakula chote si yao.

Marekani walijifunza kwa msiba. Miaka ya 1970 walianza kuuziana protini ya maji iliyochemshwa kutoka kwenye ngozi na kwato za ng'ombe. Protini ilikuwamo, ila duni, na madini hayakutosha. Watu wapatao 60 walikufa, wengi wao wanawake ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo uliojulikana, mioyo yao ikipoteza mapigo ghafla. Masharti yote yale ya gramu na miligramu yana makaburi nyuma yake.

Swali ninaloulizwa zaidi: uji wa lishe je? Hapana. Uji ule, wenye karanga, soya na ulezi, ulibuniwa kumnenepesha mtoto. Na ile juisi ya parachichi yenye maziwa, karanga na asali inayopigiwa debe mitandaoni kama mlo mbadala, bilauri moja kubwa inaweza kuzidi sahani uliyoikimbia. Chakula cha kawaida kilichopimwa vizuri na mtaalamu wa lishe kinaweza kumpunguza mtu, tena kwa bei nafuu, maana pakiti zenyewe kwetu nyingi ni za kuagizwa. Pakiti inashinda kwa urahisi wa kuhesabu tu. Ukiamua kununua, tafuta alama ya TBS kama uko Tanzania au KEBS kama uko Kenya, kisha geuza kopo.

Miezi ya pakiti ikiisha, chakula hakirudi siku moja. Mlo mmoja unaongezwa, wiki inapita, mizani inatazamwa, unaongezwa wa pili. Kwenye DiRECT hatua hii ilichukua wiki 2 hadi 8. Hapo ndipo wengi huteleza. Mwaka 1988 Oprah Winfrey alipanda jukwaani akivuta toroli la mafuta ya mnyama, pauni 67, sawa na uzito alioupunguza kwa kinywaji cha aina hii, na mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi ulivyorudi. Hata kwenye DiRECT, asilimia 46 ya mwaka wa kwanza ilishuka hadi 36 mwaka wa pili, na kwa kundi lililofuatiliwa mpaka mwaka wa tano ikabaki 13. Wale watafiti walilitarajia hilo, wakaandika mpango mapema: ukirudisha kilo 2, mlo mmoja au miwili ya siku inarudi kuwa pakiti kwa wiki chache, ukirudisha 4, unaanza tena pakiti tupu kwa mwezi.

Mama mdogo kopo hakulinunua. Alikwenda kliniki na mfuko wake wa dawa, akarudi na tarehe ya kuonana na afisa lishe na karatasi ya kuandika kila anachokula kwa siku saba. Siku ya tatu alinipigia, akauliza kama kuonja mchuzi nako kunaandikwa.