Kaboni za drili ni nini, na kwa nini huisha

Fundi wa mjengo akikwambia drili yake imemaliza kaboni, anazungumzia vipande viwili vidogo vyeusi vinavyoweza kukaa pamoja kwenye ncha ya kidole. Kaboni ni kijiti kifupi cha grafiti iliyoshindiliwa, chenye springi mgongoni na mara nyingi uzi wa shaba uliosukwa. Kimoja hukaa upande huu wa mota, cha pili upande ule, na kazi yao ni kupitisha umeme kutoka sehemu iliyotulia hadi sehemu inayozunguka.

Ndani ya drili ya waya kuna koili (nyaya zilizozungushwa mara nyingi) za aina mbili. Koili za fildi zimekazwa kwenye mwili wa mashine na hazisogei. Nyingine zimefungwa kwenye amecha, lile gogo la chuma linalozunguka na kuendesha gia. Fildi inaweza kuunganishwa kwa waya wa kawaida. Amecha haiwezi, maana waya huo ungejisokota na kukatika mara tu ukibonyeza swichi. Kwa hiyo mwishoni mwa amecha huwekwa komyuteta: pete ya vipande vingi vya shaba vilivyotenganishwa ili visigusane, kila kipande kikiwa kimeungwa na koili zake. Springi huzisukuma kaboni mbili ziiguse pete hiyo pande zinazotazamana. Amecha ikizunguka, vipande vya shaba hupishana chini ya kaboni, na umeme huhamia kila mara kwenye koili zilizo mahali panapofaa kusukumwa na sumaku ya fildi.

Umeme wa nyumbani kwetu Kenya, wa volti 240 na hezi 50, hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Mbona basi drili haitetemeki pale pale badala ya kuzunguka? Ni kwa sababu fildi na amecha zimeungwa kwa mfululizo. Umeme uleule hupita kote kuwili, sumaku za zote mbili hugeuza mwelekeo kwa pamoja, na msukumo hubaki upande mmoja. Faida nyingine ni kasi. Mota isiyo na kaboni, kama ile ya pampu ya maji, ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa hezi 50 haivuki mizunguko 3,000 kwa dakika. Mota ya drili huweza kupita 20,000 kabla gia hazijaipunguza. Hapo ndipo mashine nyepesi ya kushikwa mkononi inapopata nguvu za kutoboa jiwe la Ndarugo.

Zamani umeme uliingizwa kwenye mashine za namna hii kwa mafungu ya nyaya za shaba, shaba ikikwaruza shaba hadi zote mbili zinaharibika. Mwaka 1885 Mskoti George Forbes alisajili hataza ya kutumia kaboni badala yake. Grafiti hupitisha umeme, hujilainisha yenyewe, na ni laini kuliko shaba, kwa hiyo katika msuguano huo inayolika zaidi ni kaboni. Amecha ni ghali, kaboni ni rahisi. Kuisha kwa kaboni si hitilafu, ni mpango. Nawashangaa watu wanaompa mtu wa skrapu drili nzima kwa sababu ya kipande hicho.

Kaboni ikifupika sana, springi haina tena nguvu ya kuikandamiza. Drili huanza kukatakata, hupoteza nguvu, hutoa cheche kubwa na harufu ya kuungua, na siku nyingine huwaka tu ukiigonga ubavuni. Cheche ndogo za buluu kwenye matundu ya hewa ni za kawaida, zisikutie hofu.

Lakini kaboni husingiziwa mengi. Kwenye drili za zamani anza na waya, hasa pale unapoingia kwenye mpini, kwa kuwa hukunjwa kila siku na shaba hukatika ndani huku mpira wa nje ukionekana mzima. Angalia pia fyuzi ya plagi: drili ya wati 600 huvuta takriban ampea 2.5, kwa hiyo fyuzi ya 13 ikiwa imekatika, pengine kuna shoti, usichomeke nyingine na kuondoka. Plagi ikiwa nje ya soketi, pima kwa mita omu (ukinzani wa umeme) kati ya pini zake mbili za umeme huku umebonyeza swichi. Mita ikikaa kimya, kuna mahali pamekatika. Ikionyesha na kuacha unapozungusha chaki (kile kishikio cha biti mbele ya drili) kwa mkono, shida iko kwa kaboni au komyuteta. Drili yenye swichi ya kupandisha na kushusha kasi inaweza kukudanganya kwa kipimo hicho. Hiyo ifungue upime kuanzia baada ya swichi.

Ukienda Luthuli au River Road jijini Nairobi kutafuta kaboni, beba ya zamani mkononi. Jina la drili halitoshi, vipimo ndivyo vinavyouza. Iliyo kubwa kidogo unaweza kuikwangua kwenye msasa hadi iteleze vizuri ndani ya kishikilio. Iliyo ndogo hucheza na kuharibu shaba. Badilisha zote mbili kwa pamoja, kisha iache drili izunguke bila mzigo kwa dakika chache ili uso wa kaboni ujikate kufuata mviringo wa komyuteta.

Ukiwa umefungua, piga brashi vumbi jeusi lote. Vumbi hilo linapitisha umeme, na likijaa linaweza kuufikisha kwenye chuma cha nje. Drili za siku hizi zenye alama ya mraba ndani ya mraba zina kinga mbili na hazihitaji waya wa athi (wa kupeleka ardhini umeme uliovuja). Zile nzee za mwili wa chuma zinauhitaji, tena sana, na mara nyingi utakuta fundi fulani aliukata alipobadilisha plagi. Urudishe kabla ya kuishika tena, na uhakikishe soketi yenyewe ina athi.

Kuna drili ambayo kaboni mpya haziifai. Ile ya mtumba iliyotengenezewa volti 120 za Marekani, ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya hapa, kwa kawaida huunguza koili. Nyingine ni ile ambayo hata baada ya kaboni mpya na komyuteta safi, moto unaizunguka pete nzima. Hapo koili za amecha zimekatika au zimepigana shoti. Uliza bei ya koili kufungwa upya, uliza na bei ya drili mpya, kisha upige hesabu.