Keki Kwenye Friza: Yanayosemwa na Yanayotokea Kweli

Waokaji wengi wa nyumbani huamini kwamba keki iliyogandishwa hupoteza thamani yake, na kwamba anayewaandalia wageni keki iliyotoka kwenye friza amewapa kiporo. Imani hiyo huwafanya wakeshe jikoni usiku wa kuamkia sherehe, wakioka, wakipoza na kupamba kwa haraka, ilhali kazi hiyo ingeweza kugawanywa katika siku kadhaa bila mlaji kutambua tofauti yoyote. Baridi kali yenyewe haiharibu keki. Kinachoiharibu mara nyingi ni maji, yakipotea au yakituama pasipostahili, na makosa mengi ya kugandisha, kuyeyusha na kupaka aisingi, yaani mchanganyiko mtamu wa kupambia keki, huanzia hapo.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba friji ndiyo mahali pazuri pa kutunzia keki, na kwamba friza ni ya aliyekosa njia nyingine. Kwa keki tupu, isiyo na krimu wala kastadi, ukweli ni kinyume chake. Keki inapookwa, wanga uliomo kwenye unga hunywa maji, huvimba na kulainika. Inapopoa na kukaa, wanga huo huanza kujipanga upya na kukaza, na ndiyo maana keki ya juzi huwa ngumu hata kama ilifunikwa vizuri na haikupoteza maji mengi. Mabadiliko hayo huenda kwa kasi zaidi katika baridi iliyo juu kidogo ya nyuzi 0 za Selsiasi, yaani baridi ileile ya friji, na hukaribia kusimama kabisa katika nyuzi 18 chini ya sifuri, ambayo ndiyo baridi inayotakiwa kwenye friza. Kwa hiyo keki tupu iliyokaa kwenye friji siku 3 inaweza kuwa ngumu kuliko iliyokaa kwenye friza wiki 3. Itakayoliwa leo au kesho na ibaki mezani ikiwa imefunikwa. Itakayongoja zaidi ya hapo iende kwenye friza. Keki zenye krimu, kastadi au jibini laini ndizo zinazohitaji friji kwa ajili ya usalama wa walaji, na katika hilo hakuna mjadala.

Wapo wanaofunga keki ingali moto ili, kama wasemavyo, unyevu usitoroke. Nia yao ni njema, lakini mvuke ukigonga nailoni hugeuka matone, matone hurudi juu ya keki na kuganda hapo, na siku ya kuyeyusha uso wa keki hunata na kuchunika. Isitoshe, keki yenye joto huganda polepole, na barafu inayojijenga polepole hufanya fuwele kubwa zinazochana kuta nyembamba za keki, ambazo ndizo zinazoipa ulaini. Iachwe kwenye waya wa kupozea hadi katikati yake papoe kabisa, kisha ifungwe nailoni mara mbili, na juu yake foili au mfuko mzito uliotolewa hewa. Wingi huo wa vifungio si ushamba. Hewa ya friza ni kavu na hunyonya maji hata kutoka kwenye barafu, na mafuta yaliyomo kwenye keki hushika harufu upesi, hivyo keki ya vanila iliyofungwa ovyo itatoka ikinukia samaki aliyelala jirani yake.

Katika kuyeyusha, kosa kubwa ni kuivua keki nailoni mara tu inapotoka kwenye friza, ati ipumue. Hewa ya jikoni ikigusa kitu cha baridi kali huacha umande. Keki ikiwa wazi umande huo huilowesha, lakini ikiwa bado imefungwa umande hutua juu ya nailoni na kukaukia huko. Tabaka moja huhitaji kama saa 2 au 3 mezani, na keki nene ni bora ilale usiku kucha kwenye friji. Baada ya hapo keki ya siagi isionjwe ingali baridi, kwa sababu siagi iliyoganda huifanya ionekane kavu. Ikirudi kwenye joto la chumba, ulaini hurudi nao. Keki ya mafuta ya maji haina tatizo hilo. Inasikitisha kuona friza ikilaumiwa kwa kosa ambalo lingeondoka kwa kusubiri saa moja tu.

Kuhusu aisingi, wengine hukataza kabisa kupamba keki iliyogandishwa, na wengine huipamba ikiwa ngumu kama jiwe. Wote wamezidisha. Ubaridi husaidia kweli: keki iliyoyeyuka nusu hukatwa na kusawazishwa bila kuvunjika, na tabaka la kwanza jembamba la aisingi hupakwa bila kuzoa makombo. Hata hivyo, ikipambwa ingali imeganda hadi ndani, aisingi ya siagi hukaza ghafla chini ya kisu, kisha keki inapoyeyuka hewa iliyomo hutanuka na unyevu hutafuta njia ya kutoka, na matokeo yake ni uvimbe ubavuni au nyufa. Baridi ya friji inatosha.

Wala si kila aisingi huvumilia kugandishwa. Ile ya siagi na sukari ya unga huvumilia vizuri sana: keki iliyopambwa igandishwe wazi mpaka aisingi ishike, ndipo ifungwe, siku ya kuyeyusha ivuliwe nailoni ingali ngumu, iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, kisha chombo kiingie kwenye friji. Aisingi ya ute wa yai uliopigwa na sukari bila siagi hutoa maji, fondanti, yaani kinyunya cha sukari kinachotandazwa kufunika keki, huvuta umande ikanata na rangi zake zikachuruzika, na kastadi iliyofanywa nzito kwa wanga hutengana.

Kuna pia wanaodhani kwamba friza huua vijidudu. Huvilaza tu. Keki ya krimu iliyokaa nje mchana kutwa haitakaswi na baridi, na vijidudu vilivyoingia nayo vitaamka inapoyeyuka. Keki iliyoyeyushwa ndani ya friji inaweza kugandishwa tena bila hatari, ila kila safari huipunguzia ulaini, hivyo ni heri kuikata vipande tangu mwanzo, kila kipande kikafungwa peke yake na kuandikwa tarehe, kwa kuwa baada ya miezi 2 au 3 ladha huanza kufifia hata kama keki bado ni salama.