Malikale siyo mali iliyofukiwa

Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa injinia wa mradi, mtu msomi kabisa, anaitambulisha timu yangu kwenye mkutano wa kijiji: "Hawa ni wataalamu wa malikale, wamekuja kuangalia kama chini huku kuna mali." Mkutano mzima ukatugeukia. Basi nikasema hili niliandike.

Malikale ni vitu na mahali walipoacha alama watu waliotutangulia, ambavyo vinatueleza waliishi vipi. Magofu, makaburi, vigae vya vyungu, zana za mawe, michoro ya kwenye miamba, hata msitu wa matambiko ambao hauna jiwe moja lililojengwa. Kampuni yetu ni ndogo, tuko watatu na pikapu ya kukodi, na kazi yetu ni kupita kabla barabara au nguzo za umeme hazijapita, tunaandika pale kuna nini na kifanyweje. Basi, maana yake ndiyo hiyo.

Shida iko kwenye neno lenyewe. Zamani ilikuwa Idara ya Mambo ya Kale, na sheria ya mwaka 1964 mpaka leo tunaiita Sheria ya Mambo ya Kale. Baadaye likaja malikale, tukapata Sera ya Malikale ya 2008, na idara nayo sasa ni ya Malikale. Limeundwa vizuri tu, ndugu zake ni maliasili na malighafi. Kale ni Kibantu chetu, ndilo lile la hapo zamani za kale tulilolala nalo utotoni, halina bei wala mwenyewe. Mali ndiyo imetoka Kiarabu, na kwa mtu wa kawaida mali ni ng'ombe, shamba, nyumba, kitu ukikiuza unapata hela na ukifa ndugu wanakigombania. Sasa kwenye maliasili masikio yameshazoea, ukisema maliasili mtu anaona misitu na tembo, hakati neno vipande viwili, lakini malikale bado ni geni kwa hiyo watu wanalikata, mali, halafu kale, wanasikia mali ya kale, na ukishafika hapo hela za Mjerumani haziko mbali. Karibu kila kijiji nilichofanyia kazi wana hadithi hiyo, kwamba Mjerumani alipokimbia vita ya kwanza alifukia masanduku ya rupia na akaacha alama kwenye jiwe.

Kuna saiti moja tulichimba shimo la majaribio, mita moja kwa mita moja, tunashuka sentimita 10 kwa 10 kwa mwiko na brashi, udongo wote unapita kwenye chekecheo. Kwenye sentimita 40 hivi tukakuta mavi ya chuma, yale mabaki magumu yanayobaki chuma kikiyeyushwa, na pembeni yake kipande cha bomba la udongo, lile la kupitisha upepo wa mivukuto kuingia kwenye tanuri, ncha yake imeyeyuka kwa moto mpaka imekuwa kama kioo cheusi. Yaani watu waliyeyusha chuma pale pale tulipopiga magoti. Jua lilikuwa linazama, tukafunika na turubai, tukaondoka. Asubuhi tukakuta handaki. Mavi ya chuma yametupwa kando, bomba limepondwa, na mkaa ambao tungeupeleka maabara kupimwa umri umechanganyika na udongo wa juu, hauna kazi tena. Siwalaumu waliochimba. Waliambiwa tunatafuta mali na wakaamini, na hakuna aliyetoka pale na hata shilingi.

Tofauti ninayotaka ieleweke ni hii. Mali ukiihamisha inabaki kuwa mali, dhahabu ya Geita ukiifikisha Dar bado ni dhahabu. Malikale ukiitoa ilipo bila kuandika ilikuwa wapi, kina gani, imelala na nini, umeiziba mdomo. Chukua sarafu za shaba za Kilwa, ni vipande vidogo ambavyo ukivipima kama shaba havinunui hata mkate. Lakini sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa anatawala Kilwa msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, ilipatikana kwenye magofu ya mawe ya Great Zimbabwe, nchini Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1000 kutoka Kilwa Kisiwani, na kwa sababu inajulikana ilitoka wapi, sarafu hiyo moja inatuonyesha Kilwa na bara walifikiana. Ingekuwa imeokotwa na kuuzwa sokoni ingekuwa shaba tu.

Ndiyo maana nikiulizwa "hicho kigae thamani yake shilingi ngapi nijaze kwenye jedwali la fidia" huwa nakwama, maana hata sheria haiulizi bei, inauliza umri: kitu kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863, mlango wa kuchongwa wa kabla ya 1940.

Kwa hiyo injinia wangu, na mwenyekiti wangu, naomba tu kitu kidogo. Neno ni moja, malikale, usipumzike katikati ukilitamka. Na ukitutambulisha sema hawa wamekuja kuuliza wazee wa kale waliishi vipi hapa, kabla greda halijapita. Juzi nilijitambulisha hivyo mwenyewe, na bibi mmoja akainuka, akatuambia "njooni wanangu," akatupeleka nyuma ya migomba yake, mahali ambapo kila akilima jembe linagonga mavi ya chuma.