Farasi wa Nukta Nukta

Juu ya gilotini yangu ya kukatia karatasi, hapa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, nimetundika picha ya farasi mweupe anayeruka ua. Karatasi ina rangi ya chai, na kona moja imetafunwa na mende. Niliinunua mwaka wangu wa pili katika kazi hii kwa shilingi laki mbili, nikiapiwa kwamba ni chapa ya miaka ya 1700. Nikaipakata kwenye bodaboda kama mtoto mchanga. Nilipofika nikachukua lenzi tunayokagulia pleti za kuchapia, nikainama. Farasi mzima alikuwa nukta: za bluu, za njano, za waridi, nyeusi, zimejikusanya kama maua madogo. Ofseti tupu, uchapaji wa mashine za siku hizi, sawa na kalenda wanazochapa vijana wa ghorofa ya chini. Na ile rangi ya chai? Ilikuwa chai.

Tangu hapo kazi yangu ya kukarabati karatasi kuukuu imenijengea tabia moja: sisikilizi karatasi inasema nini kabla sijaona wino ulifikaje pale. Watu huniletea kurasa zilizochomoka kwenye vitabu vya babu zao, tembo, paka, simba mwenye uso wa binadamu, na swali huwa lile lile: "Hii ni ya kale kweli?" Karatasi mtu yeyote anaweza kuizeesha jikoni kwake. Kuuzeesha wino ni shughuli nyingine.

Nukta zilianza kuenea vitabuni na magazetini miaka ya 1880 na 1890, picha zilipoanza kupigwa kupitia wavu mwembamba ili kijivu kigawanyike kuwa nukta kubwa na ndogo. Kabla ya hapo kivuli cha tumbo la farasi kilitengenezwa kwa mkono, mara nyingi mstari kwa mstari. Kwa hiyo ukiona nukta zilizojipanga sawasawa, huna picha ya 1790 mkononi, hata kama chini imeandikwa hivyo kwa herufi za mapambo.

Nimetaja 1790 kwa sababu. Mwaka huo Thomas Bewick, mchongaji wa Newcastle huko Uingereza, alitoa kitabu chake cha wanyama wa miguu minne. Alichonga kwenye mbao ngumu ya mti uitwao boksi, tena si ubavuni mwa ubao bali kwenye uso wa gogo lililokatwa mkato, pale pete za mti zinapoonekana. Hapo nyuzi hazikivuti chuma upande, kwa hiyo unaweza kuchonga mstari mwembamba kama unywele. Alichokichonga kilibaki cheupe, alichokiacha kikabeba wino. Uzuri wa kibao hicho ni kwamba kimo chake kililinganishwa na herufi za risasi, kikafungwa pamoja nazo kwenye mashine moja. Ndiyo maana ukikuta paka amekaa katikati ya ukurasa, maneno yamemzunguka, dhana yako ya kwanza iwe mbao.

Bamba la shaba ni kinyume chake. Wino unaingia ndani ya mifereji iliyochongwa, karatasi inaloweshwa kidogo na kugandamizwa kwa nguvu kati ya rola ili iufuate wino chini. Bamba huacha alama: pitisha kidole pembeni mwa picha na utakuta ngazi ndogo, kama fremu iliyozama. Na kwa kuwa shaba haiwezi kupita mashine moja na herufi za risasi, picha yake mara nyingi hukaa ukurasa wake peke yake, mgongo mtupu.

Kisha kuna chapa ya jiwe, litografia, aliyoivumbua Alois Senefelder kule Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790. Chini ya lenzi huonekana kama chaki iliyopitishwa kwenye ukuta wenye chembechembe. Siri yake ni kwamba maji na mafuta havipatani. Kila ofseti inayonguruma Nasser Road ni mjukuu wa jiwe hilo. Huwa nawaambia vijana hivyo, nao hunijibu kwamba mjukuu anadaiwa umeme.

Rangi sina mengi. Nyingi za zamani zilipakwa kwa brashi baada ya kuchapwa, na brashi huvuka mstari. Ukiona kijani cha majani kimempanda tembo mguuni, usikasirike. Mimi hufurahi.

Swali langu la pili ni mchoraji alikuwa na nini mbele yake. Mwaka 1515 kifaru kutoka kwa sultani wa Gujarat alishushwa Lisbon, na Albrecht Dürer, aliyekuwa Nuremberg, akamchora bila kumwona, kwa kutumia mchoro wa mtu mwingine na barua. Akamvisha deraya kama askari, akamwongezea pembe ndogo mabegani. Vitabu vya Ulaya viliinakili pembe hiyo kwa zaidi ya miaka mia mbili. Nikiiona, najua mchoraji alinakili karatasi, mnyama hakumwona.

Hata aliye mbele ya macho humponyoka mtu. Théodore Géricault alichora mbio za Epsom mwaka 1821, farasi wamenyoosha miguu yote minne hewani, mbele na nyuma. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge akapiga picha za mfululizo kule California, zikaonyesha kwamba miguu yote huacha ardhi pale tu inapokunjwa chini ya tumbo. Mimi nisingegundua kosa hilo. Huku kwetu mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, hawakuwaacha farasi wazoee, na wengi wetu tulimjua farasi kwenye karatasi kwanza.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha kwetu. Harry Johnston, kamishna Mwingereza wa Uganda, tunamjua kwa Mkataba wa Buganda wa 1900 na kesi zisizokwisha za ardhi ya mailo, ile iliyogawiwa kwa maili za mraba. Wachache wanajua kwamba alisomea uchoraji London. Siku moja alivuka mto Semliki kuingia Kongo, kuwarudisha kwao Wambuti, watu wa msituni, waliokuwa wametekwa ili wakafanywe maonyesho Ulaya. Msituni Ituri wakamsimulia mnyama mwenye milia miguuni. Aliposikia milia, kichwani akashachora punda milia wa msituni. Wakamwonyesha nyayo zake: kwato imegawanyika sehemu mbili, si kama ya punda. Hapana, akasema moyoni, huyu ni pofu, yule swala mkubwa, na hakuzifuata. Alipata vipande vya ngozi, akavituma London, na mwaka 1901 mtaalamu wa wanyama Philip Sclater akampa mnyama jina la Equus johnstoni. Farasi, kwa ushahidi wa vipande vya ngozi! Baadaye zikapatikana ngozi nzima na mafuvu mawili, ikaonekana ni ndugu wa twiga: okapi. Johnston akamchora kwa kutazama ngozi. Ule unyayo kwenye tope ulikuwa chapa ya kwanza aliyoonyeshwa, safi, isiyo na nukta wala chai, naye akaikataa.

Juzi dada mmoja mwenye duka la mikate Ntinda alinijia. "Kaka, nataka paka wa zamani kwenye mifuko yangu." Nikampa wa mbao, kwa sababu mstari ukiukuza unabaki mstari, ilhali picha ya nukta ukiiskani na kuichapa tena huleta mawimbi mabaya. Shida ilikuwa masharubu. Ni mistari myeupe kwenye giza, na wino kwenye karatasi ya kaki huvimba ukaifunika. Chapa ya kwanza, upana wa sentimita tatu, paka alitoka kama amenyolewa. Tukapanda hadi sita, nikamwomba fundi apunguze wino, dada akasimama pale pale akihesabu masharubu kwa kidole.

Yakatimia yote.