Utumbo wenye uvimbe sugu: ugonjwa ukiamka na ukitulia

Tanga mtu akiumwa tumbo, wa kwanza kumshauri atamwambia ni vidonda vya tumbo. Hivyo wapo wanaomeza dawa za kupunguza asidi miezi mingi huku wakiharisha damu na kamasi, wakikonda na kuamka usiku kukimbilia chooni. Hali hiyo inataka vipimo. Huenda ikawa amiba, kichocho au kifua kikuu cha utumbo. Vipimo vikionyesha si hayo, daktari hufikiria kolaitisi ya vidonda, inayoshika utumbo mpana, au ugonjwa wa Crohn, unaoweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Ni magonjwa ya kinga ya mwili kuushambulia utumbo na kuuacha na uvimbe sugu, na hutulizwa kwa dawa za muda mrefu. Hakuna chakula kinachoyaponya.

Kinachotusumbua zaidi sisi watu wa lishe ni mgonjwa aliyeacha kula. Shemeji kamkataza maharage, jirani kamkataza maziwa, muuza dawa za miti kamkataza nyama na samaki. Anabaki na uji mweupe na chai ya rangi, halafu tunashangaa damu imepungua.

Ugonjwa ukiamka, kula kidogo kidogo mara nyingi. Wali laini, ugali wa sembe, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, mayai, samaki wa kuchemsha au mchuzi wake usio na pilipili. Ndiyo, nimesema sembe. Siku zote tunahubiri dona, lakini kwa majuma haya pumba zake huongeza kuharisha na msokoto. Weka kando pia mahindi ya kuchoma, achari, vya kukaanga na tui zito. Anayeharisha sana anywe ORS ya pakiti (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), maana maji matupu hayarudishi chumvi.

Ukitulia, rudisha chakula kimoja kimoja, siku chache kila kimoja, na uandike kilichokusumbua. Tembele, mchicha, maharage yaliyoiva sana, papai, machungwa ya Muheza: havina sababu ya kufungiwa maisha yote. Maziwa yasiyoganda yakikujaza gesi, jaribu mtindi. Ila aliyeambiwa njia ya utumbo wake imebanwa na makovu asile kambakamba za chungwa wala pweza mgumu bila kumuuliza daktari, kwani vinaweza kuziba njia.

Virutubisho vya ziada vifuate kipimo. Anayepoteza damu huhitaji madini ya chuma. Vidonge vyake hufanya choo kuwa cheusi, na vikimsumbua, au ugonjwa ukiwa mkali, daktari anaweza kumpa madini hayo kwa sindano ya mshipa. Usivimeze na chai. Vitamini B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, kwa hiyo mgonjwa wa Crohn aliyekatwa sehemu hiyo mara nyingi huhitaji sindano. Sulfasalazini, moja ya dawa za kutuliza magonjwa haya, huzuia ufyonzaji wa foliki asidi, vitamini ya kutengeneza damu. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ikitumika muda mrefu hudhoofisha mifupa, ndipo kalsiamu na vitamini D zinapoingia. Dagaa wanaoliwa na miiba yao husaidia upande wa kalsiamu.

Mafuta ya samaki ya kopo yalijaribiwa katika tafiti kubwa kwa wagonjwa wa Crohn na hayakuzuia ugonjwa kurudi. Hela hiyo nunua vibua sokoni. Manjano yameonyesha dalili njema kwa kolaitisi yakiongezwa juu ya dawa, lakini vidonge vyake vikali vimewahi kudhuru ini kwa baadhi ya watu. Ya kwenye mchuzi hayana neno. Zile dawa za “kusafisha utumbo” zinazotembezwa mitaani nyingi ni za kuharisha tu, na anayeharisha damu azikimbie.

Maumivu ya viungo huandamana na magonjwa haya, na diklofenaki, dawa ya maumivu, hupatikana kila duka la dawa. Inaweza kuuamsha ugonjwa. Mwambie mfamasia una tatizo gani kabla hajakupa. Sigara huzidisha Crohn. Prednisoloni nayo haikatishwi ghafla hata ukijisikia mzima. Hupunguzwa taratibu na daktari. Homa kali, tumbo kujaa na kuwa gumu, au kutapika bila kupata choo wala kutoa upepo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.